Jaketi limeandikwa linapumua, mbona umelowa ndani?

Kila msimu wa kupanda mlima Kilimanjaro ukianza hili swali lazima ulisikie pale Moshi. Mtu kaja na jaketi lake la bei mbaya, lebo imejaa maandishi kwamba halipitishi maji na linapumua, kapanda nalo siku ya kwanza kupitia msitu wa Machame, jioni kambini akilivua fulana ya ndani inakamulika. Moja kwa moja anaamini kapigwa. Inawezekana kweli kapigwa, feki zipo nyingi, lakini mara nyingi jaketi liko sawa kabisa na limefanya kazi yote linayoiweza, tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia hiyo kazi inategemea nini. Inategemea hewa ya nje kuliko inavyotegemea kitambaa. Hapo ndo pa kuanzia, ukishapaelewa pale hata ukiingia duka la michezo Mlimani City au ukiinama kwenye mafungu ya mitumba utajua unatafuta nini.

Tuanze na mwili. Misuli ikifanya kazi, nguvu unayochoma sehemu ndogo tu ndo inakuwa mwendo, robo hivi au chini ya hapo, iliyobaki yote inakuwa joto na mwili lazima ulitoe, na njia yake kubwa ukiwa kwenye mazoezi ni jasho. Ila jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na kilokalori kama 580 za joto, ambayo ni nguvu nyingi sana, lita hiyo hiyo ikidondoka chini matone matone haijakusaidia karibu chochote, umepoteza maji na chumvi basi. Na mtu anayekimbia kwa nguvu au anayepanda na mzigo anaweza kutoa lita moja kwa saa, kwenye joto wengine wanafika hata mbili. Kwa hiyo nguo ya michezo ukiondoa urembo na nembo ya mdhamini kazi yake kubwa ni isizuie jasho kugeuka mvuke, na isizuie huo mvuke kuondoka.

Sasa mvuke unaondokaje? Hausukumwi na kitambaa. Hakuna kitambaa chenye injini humo ndani. Mvuke unatoka penye mvuke mwingi kwenda penye mvuke mchache, ni hivyo tu, na kinachoupeleka ni tofauti ya msukumo kati ya pande mbili. Ngozi iliyolowa ikiwa na nyuzi 35 ina msukumo wa mvuke wa kilopaskali kama 5.6. Chukua Dar mwezi wa pili, nyuzi 31 na unyevu asilimia 75, hewa ya nje yenyewe tayari ina kama 3.4. Tofauti iliyobaki ya kulisukuma jasho lako nje ni 2.2 tu. Panda mpaka kambi ambayo usiku ni nyuzi sifuri, hata kama hewa imejaa unyevu mpaka haiwezi kubeba zaidi, msukumo wake ni 0.6, yaani tofauti imekuwa 5. Jaketi ni lile lile, kitambaa kile kile, lakini mlimani linasukumiwa mvuke kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya Dar. Ukiwa umelijaribu dukani Kariakoo saa nane mchana ukaona linachemsha, hujajaribu chochote.

Na hii haiishii kwenye majaketi. Mashindano ya dunia ya riadha Doha mwaka 2019, marathon ya wanawake ilibidi ianze karibu na usiku wa manane kukwepa jua, na bado ilikuwa zaidi ya nyuzi 30 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Walianza 68, wakamaliza 40. Mkenya Ruth Chepng'etich ndo akaondoka na dhahabu, kwa saa 2 na dakika 32, muda ambao kwa mtu wa kiwango chake ni wa taratibu sana. Wale wanawake walikuwa wamevaa singleti na vikaptula vyepesi kuliko karibu kila kitu utakachokuta sokoni, ngozi yenyewe ikiwa nje sehemu kubwa, na bado jasho halikauki kwa sababu hewa haikuwa na nafasi ya kulipokea. Kama ngozi tupu inashindwa, kitambaa kitafanya muujiza gani?

Ndo maana mi huwa nawashangaa wale wanaokimbia ufukweni Coco asubuhi wamejifunga makoti ya nailoni mpaka shingoni eti wanayeyusha tumbo. Kinachopungua pale kwenye mizani ni maji, ukinywa yanarudi. Kilichobaki ni joto lililofungiwa mwilini, na hilo siyo la kuchezea, watu wanaanguka.

Basi, nguo zinazosemwa zinapumua ziko za koo mbili na wauzaji wanazichanganya kila siku. Ukoo wa kwanza ni vitambaa ambavyo hewa yenyewe inapita, jezi, fulana, singleti, flisi (sweta laini la manyoya ya polista), koti jepesi la upepo. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize, ukihisi pumzi imetokea upande wa pili uko kwenye ukoo huu. Ukoo wa pili ni majaketi yasiyopitisha maji, ambayo ndani yana utando mwembamba uliogandishwa nyuma ya kitambaa cha nje. Huko ukipuliza hupati kitu, na hiyo haina maana kwamba halipumui, mvuke unapenya kidogokidogo hata pale ambapo pumzi haipiti. Unakuta mteja anapuliza jaketi zuri kabisa, anamrudishia muuzaji anamwambia hili plastiki tu.

Tukae kwanza na ukoo wa kwanza maana ndio wengi wetu tunauvaa.

Pamba inasifiwa kwamba inapumua, na ni kweli ikiwa kavu. Shida ya pamba ni kwamba inapenda maji kutoka ndani ya uzi wenyewe. Hata kwenye hewa ya kawaida chumbani uzi wa pamba unakuwa umejibebea unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, wakati polista haifiki hata asilimia 1. Ukiitokea jasho pamba inalinywa, inavimba, vile vitundu vya hewa kati ya nyuzi vinaziba, fulana inakuwa nzito inang'ang'ania mwilini na inachukua muda kukauka. Ukiwa unatembea mjini haina neno, tena kwenye joto kavu fulana ya pamba iliyolowa inapoza vizuri tu. Lakini kwenye kukimbia kilomita 21 ile pamba iliyolowa inasugua mpaka chuchu zinatoka damu, waulize wakimbiaji wa kiume, hawapendi kulizungumzia ila wanalijua. Na kwenye baridi ndo kabisa usiiguse, maji yanapitisha joto kama mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, kwa hiyo fulana ya pamba iliyolowa inakunyonya joto kila ukisimama.

Polista inafanya kinyume. Uzi wake haunywi maji, kwa hiyo jasho linabaki juu ya nyuzi na kati ya nyuzi, na hapo ndipo ufundi ulipoingia. Nyuzi zikiwa nyembamba na zenye mifereji, maji yanajivuta yenyewe kupitia ile nafasi nyembamba kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, yanatoka ngozini yanatandazwa upande wa nje kwenye eneo kubwa, na maji yaliyotandazwa yanakauka haraka kuliko yaliyorundikana sehemu moja. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta uzi wa namna hiyo mwaka 1986 ikauita Coolmax, ukiukata na kuutazama kwa hadubini una mifereji ubavuni badala ya kuwa duara, na baada ya hapo kila kampuni ya michezo ikatoka na jina lake la kibiashara kwa wazo ambalo kimsingi ni hilo hilo. Kwa hiyo mtu akikwambia polista ni plastiki haiwezi kuwa nguo ya joto, yuko sawa kwamba ni plastiki, hayuko sawa kwa hilo lingine, inategemea imefumwaje. Kuna polista ya jezi yenye vitundu unaona mwanga ukiinyanyua juani, na kuna polista nzito ya kung'aa ya zile jezi za bei ya kutupa ambayo imefumwa imebanana kama hema. Zote lebo zinasema polista asilimia 100. Lebo hapo haijakusaidia, macho na mdomo wa kupulizia ndo vinakusaidia.

Kasoro yake kubwa ni harufu. Watafiti wa Ubelgiji walichapisha mwaka 2014 kazi yao ya kulinganisha fulana za watu waliotoka kwenye mazoezi ya baiskeli jimu, za polista zilinuka vibaya kuliko za pamba, na wakakuta aina fulani ya bakteria wanaostawi sana kwenye polista. Ndo ile jezi unaifua inatoka safi, unaivaa, dakika kumi za mazoezi harufu imerudi kana kwamba haijawahi kuona sabuni.

Sufu nayo isidharauliwe. Wengi tukisikia sufu tunawaza sweta la shule linalowasha, ila sufu ya kondoo wa merino ni nyembamba sana haiwashi, na ina tabia ya ajabu, inaweza kumeza mvuke mpaka karibu theluthi moja ya uzito wake na bado ukiishika huhisi imelowa. Hainuki haraka hata ukiivaa siku nne mfululizo mlimani ambako kuoga hakuna. Ubaya ni bei, na inatoboka haraka. Kwenye mitumba ikitokea fulana ya merino wauzaji wengi hawaijui, wanaiweka fungu moja na vikoti vya kawaida, we nyamaza ulipe.

Alafu kuna kitu kinasahaulika kwenye haya mazungumzo ya nyuzi, nacho ni mkato wa nguo. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa kujibu swali ambalo limewasumbua wengi, kwa nini Wabedui wa jangwani wanavaa majoho meusi wakati jua linawaka vile. Walipima joto la mtu aliyevaa joho jeusi na jeupe, wakakuta jeusi kweli linameza joto zaidi la jua, lakini lile joto la ziada halifiki kwenye ngozi, kwa sababu joho ni pana, hewa inaingia chini inapanda inatokea juu, na kila hatua ya mtu inaipiga ile hewa itoke na nyingine iingie. Ukiliona hilo unaelewa kwa nini mzee wa Zanzibar na kanzu yake pana anaonekana ametulia saa saba mchana wakati kijana pembeni yake kwenye fulana ya kubana ya michezo, iliyoandikwa teknolojia kibao, anatiririka. Hewa inayotembea kati ya nguo na ngozi inaondoa mvuke mwingi kuliko kitambaa chochote kinavyoweza kuupitisha kupitia mwili wake. Kwa mtu wa pwani anayekimbia, ushauri wangu ni jezi nyepesi iliyolegea kidogo yenye matundu mgongoni na kwapani, basi. Utando wowote usiopitisha maji kwa Dar, Mombasa au Tanga ni wa kuvaa kwenye bodaboda mvua ikinyesha, siyo wa mazoezi.

Sasa twende kwenye ukoo wa pili, hapa ndo pana utata wenyewe.

Kuzuia maji peke yake siyo shida na haijawahi kuwa. Mskoti Charles Macintosh alipata hakimiliki mwaka 1823 ya kuweka mpira katikati ya vitambaa viwili, mvua haikupita, ila na jasho halikutoka, watu wakanuka na kulowa ndani. Wakati wa vita vya pili vya dunia Waingereza wakaja na Ventile, pamba tupu iliyofumwa kwa kubanana kiasi kwamba ikilowa nyuzi zinavimba zinaziba zenyewe, ikatumika kwa nguo za marubani waliokuwa wakidondoka kwenye bahari ya baridi. Nzuri, inapumua, ila nzito na ikilowa inakakamaa.

Mageuzi yakaja 1969. Bob Gore alikuwa anajaribu kuvuta vijiti vya PTFE, ile plastiki ya kwenye vikaango visivyoshika, anavipasha moto anavivuta polepole na vinakatika kila mara. Akachoka, akakivuta kimoja kwa nguvu ghafla. Hakikukatika, kikarefuka mara kadhaa na ndani yake pakawa na vitundu vidogo visivyohesabika, sehemu kubwa ikiwa hewa. Kufikia 1976 majaketi ya Gore-Tex yalikuwa sokoni. Hesabu ambayo kampuni yenyewe imekuwa ikiitangaza ni kwamba kitundu kimoja ni kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji ila ni kikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke, kwa hiyo mvua inabaki nje na mvuke unatoka. Inavutia, na ni kweli, lakini siyo yote. Mafuta ya mwili na chumvi ya jasho vikiingia kwenye vile vitundu utando unaanza kuvuja, ndo maana ikabidi upakwe tabaka jembamba la plastiki ya poliyurethani upande wa ndani kuukinga. Na hilo tabaka halina matundu.

Tena majaketi mengi ya bei nafuu hayana huo utando wa matundu kabisa, yana poliyurethani peke yake. Mvuke unapitaje kwenye kitu kisicho na tundu? Unayeyukia humo humo. Molekuli za maji zinashikwa upande wenye unyevu mwingi, zinahama ndani ya plastiki yenyewe kutoka sehemu moja kwenda nyingine, zinatokea upande mkavu. Inafanya kazi, ila polepole, na mara nyingi inahitaji upande wa ndani uwe na unyevu wa kutosha ndo ianze kushika kasi. Kwa hiyo kuhisi unyevunyevu kidogo humo ndani siyo lazima iwe hitilafu, limeundwa hivyo. Baadaye zikaja tando zinazoruhusu hewa kidogo ipite, eVent na NeoShell ni mifano, hizo unahisi tofauti mapema zaidi ukianza kupanda.

Kitu kinachowaangusha wengi lakini siyo utando, ni kitambaa cha nje. Jaketi jipya ukilimwagia maji yanajikusanya matone yanateleza, hiyo ni dawa iliyopakwa juu ya kitambaa. Ikiisha kwa kufuliwa vibaya au kusuguliwa na mikanda ya begi, kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinageuka cheusi cheusi, maji hayaingii ndani kwa sababu utando upo, ila sasa juu ya utando kuna blanketi la maji baridi. Mvuke wako utaenda wapi? Upande wa nje nako kumejaa maji, tofauti ya msukumo imekufa, na kile kitambaa kimekuwa cha baridi kwa hiyo mvuke ukikigusa kwa ndani unageuka maji. Mtu anagusa fulana yake imelowa anasema jaketi linavuja. Halivuji. Amelowa na jasho lake mwenyewe. Nadhani nusu ya kesi za siku ya kwanza pale msituni ni hii, nusu nyingine nitaifikia.

Namba za kwenye lebo nazo zinachezewa. Ile ya kwanza, 10,000 au 20,000 mm, ni ya maji, maana yake kitambaa kimestahimili nguzo ya maji ya urefu wa mita 10 au 20 kabla ya kuvuja, na hiyo unaweza kuiamini kiasi. Ya pili ndo ya kupumua, wanaandika gramu kwa mita ya mraba kwa masaa 24. Lebo ikisema 10,000 unaona lita kumi kwa siku, loh, ila gawa kwa 24, ni gramu kama 417 kwa saa kwa kila mita ya mraba, na hiyo ni maabara walipoweka mazingira ya kuisaidia. Alafu maabara zenyewe hazifanani. Wajapani wana kipimo chao, JIS L 1099, chenye njia kadhaa ndani yake, kwenye njia ya B1 kitambaa kinawekwa kigusane na maji moja kwa moja, na zile tando za poliyurethani zinazopenda maji zinapata alama za juu sana kuliko zikipimwa kwa njia ya A1 ambako kitambaa hakigusani na maji. Kwa hiyo jaketi la 20,000 la kampuni hii na la 10,000 la kampuni ile huwezi kuyalinganisha kama hawajasema walipima vipi, na wengi hawasemi. Kipimo ninachokiheshimu ni RET, kiwango cha ISO 11092, sahani ya moto inayotoa jasho inafunikwa kitambaa wanapima kinaizuia kiasi gani, hapo namba ndogo ndo nzuri. Chini ya 6 ni kitambaa cha mazoezi makali, mpaka 13 bado kizuri, ukipita 20 jua unavaa kitu cha kusimama kituoni siyo cha kupandia. Ukikuta kampuni imeandika RET yake waziwazi hiyo ni dalili kwamba haina cha kuficha.

Turudi mlimani sasa. Kilimanjaro ni mtihani mbaya kwa nguo kwa sababu ndani ya siku chache unapita kila kitu. Geti la Machame liko karibu mita 1,800, msitu wa mvua, joto la wastani, unyevu uko juu, unapanda na jasho linamwagika. Hapo ndo ile nusu nyingine ya kesi: mtu kaona wingu kavaa jaketi la mvua kutoka getini, wakati mvua haijaanza. Kwenye msitu ule tofauti ya msukumo ni ndogo na jasho ni nyingi, hakuna utando duniani utakaomudu. Vaa fulana nyembamba ya polista au merino, jaketi likae kwenye begi la mgongoni, mvua ikianza lifungue zipu za kwapa zote na ya mbele nusu. Zile zipu za kwapani watu wanaziona urembo, kumbe zinatoa mvuke mwingi kuliko utando wenyewe.

Usiku wa kuelekea Uhuru, mita 5,895, mambo yanageuka. Mnaondoka kambi ya Barafu au ya Kibo karibu na saa sita usiku, nyuzi ziko chini ya sifuri kwa mbali na upepo juu yake. Tofauti ya msukumo ni kubwa, utando ungefanya kazi vizuri sana, ila sasa mvuke unakutana na kitambaa cha baridi kali na kuganda kabla haujatoka, asubuhi unakuta barafu nyembamba upande wa ndani wa jaketi. Dawa ya hapo ni kutotoka jasho kabisa. Waongozaji wanaposema pole pole wanawaza zaidi urefu wa mlima na kichwa kuuma, lakini pole pole hiyo hiyo ndo inayokuweka mkavu. Anza ukiwa unahisi baridi kidogo, dakika kumi na tano baadaye mwili umeshika moto. Anayetoka hemani amejifunga kila kitu akihisi raha, baada ya nusu saa analowa, na wakisimama kupumzika ule unyevu unamgeukia, mwili unapoa kwa kasi anaanza kutetemeka.

Na hapa niseme la wapagazi, maana hizi habari za nyuzi wanazihitaji kuliko mgeni. Mpagazi anabeba mzigo, anatembea haraka kumtangulia mgeni kambini, anatoka jasho kuliko yeyote, alafu anafika mita 3,800 anasimama kwenye upepo kufunga mahema akiwa na jinzi na tisheti ya pamba iliyolowa. Nguo ile ndo mbaya kuliko zote kwa kazi ile. Pale Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, unawaazima nguo za mlima bila malipo, na kwa wasiopata huko soko la Memorial lina mitumba ya kutosha. Kama hela ni ya nguo moja tu, sitasema jaketi la utando. Fulana mbili za polista za mikono mirefu, moja ya kutembelea na moja kavu ya kubadilisha ukifika, zinasaidia zaidi kuliko jaketi la maana juu ya pamba, na flisi juu yake ikipatikana.

Kwenye mitumba jaketi la utando likague hivi. Ligeuze ndani nje, tazama utepe uliobandikwa juu ya mishono, ukiwa unabanduka maji yataingia hapo kwanza. Sugua kitambaa cha ndani kwa kidole, kikitoka magamba meupe au kikanata kama gundi liache hata likiwa na nembo kubwa namna gani, poliyurethani ikikaa kwenye joto na unyevu miaka mingi inaoza, na pwani inaoza haraka zaidi. Linuse pia, likiwa na harufu kali ya uchachu kama matapishi ndo hivyo hivyo limeoza, hakuna kulifua likapona. Lakini likiwa zima na tatizo ni kwamba tu linakunywa maji kwa nje, hilo linafufuka. Lifue kwa sabuni ya maji kidogo, suuza sana mpaka povu liishe maana sabuni iliyobaki inavuta maji, usiweke softena kabisa, hiyo inaziba mifereji hata kwenye jezi. Likikauka lipige pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa chembamba. Joto linaamsha ile dawa iliyobaki, mwagia maji uone kama matone yamerudi. Yasiporudi dawa imeisha, unanunua ya kupulizia.

Na hiyo dawa yenyewe inabadilika sa hivi. Ya zamani ilitengenezwa kwa kemikali za PFAS ambazo haziozi, zinabaki kwenye maji na kwenye damu za watu, California imeanza kuzipiga marufuku kwenye nguo nyingi tangu Januari 2025 na Gore wenyewe, ambao PTFE ya utando wao nayo iko kwenye kundi hilo, kuanzia 2022 wameleta utando mwingine wa polietilini. Dawa mpya zinazuia maji sawasawa ila mafuta hazizuii, jasho la shingoni na losheni ya jua vinaziua mapema, kwa hiyo jaketi la miaka hii linataka kufuliwa mara kwa mara kuliko la zamani, tofauti na ule ushauri wa wakongwe kwamba jaketi la mlima halifuliwi.